Bajeti ya kesi za ukatili: wadogo zangu, lifuateni jalada

Kamwene wadogo zangu. Wiki hii nimesoma maandiko ya mradi kutoka Iringa, Njombe na Mbeya, na karibu yote ni mapacha: semina kwa polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, semina kwa mahakimu, semina kwa kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto), kisha fulana na mabango ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Najua mmekesha mkiyaandika, na nawapenda kwa hilo. Lakini nimetafuta humo fedha ya kumfikisha shahidi mahakamani, sikuiona.

1. Kabla ya kuandika lolote, fuata jalada moja tangu kwa mtendaji wa kijiji hadi hukumu. Dawatini, PF3 (fomu ya polisi anayojaza tabibu), zahanati, sampuli kwa Mkemia Mkuu, mwendesha mashtaka. Kila linapokwama, hapo ndipo pa kuweka fedha.

2. Nauli ya mashahidi. Hapa mniwie radhi, nitakaa. Katika mradi wetu mmoja tulinunua meza na makabati ya dawati, tukafundisha watu, ripoti ikasifiwa. Wakati huohuo mama mmoja wa kijiji cha mbali wilayani Kilolo alikuwa anahangaika na kesi ya binti yake aliyebakwa. Alikuja mjini, akaambiwa hakimu yuko safarini. Akakopa, akarudi, kesi ikaahirishwa tena. Mara iliyofuata mvua ilikuwa imekata barabara na hela imekwisha. Wazee wa upande wa pili walikuwa wameshakwenda kwake na ng'ombe, wakimwambia yaishe nyumbani. Kesi ikaondolewa kwa kukosa mashahidi, mshtakiwa akarudi kijijini kulekule anakoishi yule binti.

Nilikwenda kwa mhasibu kuomba nauli ya mama huyo kabla mambo hayajaharibika. Akafungua bajeti: hakuna kifungu. Kilikuwepo kwenye rasimu, nikakifuta mimi mwenyewe, kwa sababu mfadhili alisema kulipa mashahidi ni kazi ya Serikali. Ni kazi yake kweli. Lakini posho hiyo, ikitoka, humkuta shahidi akiwa ameshafika. Ya kumtoa kijijini inatoka wapi? Ilinipasa kumjibu mfadhili hivyo, nikanyamaza ili andiko lipite. Binti yule aliacha shule. Bado linaniuma, na ndiyo maana nawasumbua.

3. Umri. Kwenye kesi ya mtoto, upande wa mashtaka lazima uthibitishe umri wake. Kesi nzuri huanguka hapo. Kadi ya kliniki au ushahidi wa mzazi husaidia, ila tengeni fedha ya kufuatilia vyeti. Mbeya mna bahati: usajili wa watoto wa chini ya miaka 5 kupitia vituo vya afya na ofisi za kata ulianza mkoani kwenu mwaka 2013, na watoto wale ndio mabinti wa sekondari leo. Waulizeni wazazi cheti kiko wapi, wengine wamekifungia sandukuni.

4. Tabibu aliyejaza PF3 huhamishwa. Chukueni namba yake ya simu mapema, wekeni na nauli yake.

5. Msitegemee mfadhili peke yake. Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatika, tuliona kazi nyingi zikisimama. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, nanyi mnapeleka maombi Mei, wakati bajeti imeshapita! Nendeni mipango inapoibuliwa vijijini na kwenye kata, mkiwa na afisa ustawi wa jamii, na ombeni kifungu kimoja tu: usafiri wa manusura na mashahidi. Diwani akisema fedha hakuna, mwonyesheni orodha ya kesi za kata yake zilizoondolewa. Mkikwama kwa mweka hazina, nipigieni, tutakwenda pamoja.