Wu wei tuiite nini kwa Kiswahili? Barua kwa mwanangu aliye Chengdu

Mwanangu, assalaam alaykum.

Voisi yako niliisikiliza jana baada ya isha, nikairudia tena asubuhi nikisubiri chai ichemke, maana hilo swali si la kujibiwa wasap kwa kidole kimoja. Unasema uko sura ya tatu ya tasnifu yako, unalinganisha fikra za Udao, ile falsafa na dini ya Wachina ya kuifuata Dao, yaani njia, na fikra za kwetu pwani, na umekwama kwenye neno moja tu, wu wei. Msimamizi anataka ulitie kwa Kiswahili, we ukaandika "kutotenda", mwenzako wa Morogoro akakwambia hiyo si falsafa huo ni uvivu, sasa unaniuliza Mama tuiite nini.

Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, na tangu uende huko nimevisoma vile vitabu ulivyoniachia, vyote kwa Kiingereza, polepole, na kalamu mkononi. Kwahiyo nina la kusema, ila vumilia, litakuwa refu.

Kwanza "kutotenda" hujakosea kama tafsiri ya neno kwa neno, wu ni bila, wei ni kutenda, sawa. Lakini Daodejing yenyewe, kile kitabu kinachosemwa ni cha mzee Laozi, sura zake 81 zile fupi fupi, ukifika ya 48 inasema mtu anapunguza na kupunguza mpaka anafika kwenye wu wei, na hapohapo inaongeza kwamba hatendi na hakuna kinachobaki bila kutendeka. Sasa mvivu gani kazi zake zote zimekwisha? Huyo mwenzako amesoma nusu ya kwanza ya sentensi akaishia hapo.

Mi nikisoma kile kisa cha mpishi Ding kwenye Zhuangzi, kile kitabu kingine cha zamani cha Udao, namuona baba yako, Mungu amrehemu. We ulikuwa mdogo, unakumbuka tu harufu ya bucha na zile kandambili zake za mpira mlangoni, ila mimi nimekaa naye pale miaka mingi namuona anavyofanya. Kisa chenyewe unakijua, mpishi anamtenganisha ng'ombe mbele ya bwana Wenhui, kisu kinakwenda kama ngoma, bwana anashangaa ule ufundi, mpishi anaweka kisu chini anamwambia ninachokipenda mimi ni Dao, kimepita ufundi. Mwanzoni alikuwa anaona ng'ombe mzima, baada ya miaka 3 akawa haoni tena ng'ombe mzima, na sasa hata macho hayatumii. Anasema mpishi mzuri anabadili kisu kila mwaka kwasababu anakata, wa kawaida anabadili kila mwezi kwasababu anagonga, cha kwake kina miaka 19 na makali kama kimetoka kwenye noo leo, kwasababu kwenye maungo kuna nafasi na ncha ya kisu haina unene, ukiingiza kisicho na unene penye nafasi kinatembea chenyewe.

Mwanangu hii si mifano ya vitabuni, hii ni kweli tupu. Bucha nyingi mtaani kwetu walikuwa wanatumia shoka, paa paa juu ya gogo, unarudi nyumbani unapika mchuzi unatafuna kipande cha mfupa mtoto analia. Baba yako shoka alikuwa nalo lakini siku nzima inaweza kupita hajaligusa. Anashika mguu, anautikisa kidogo, anasikiliza kwa vidole, anapitisha kisu kwenye kiungo na paja linaachia. Siku moja nikamuuliza unajuaje pa kukata, akasema mimi simkati, anafunguka.

Anafunguka! Hapo ndipo nataka usimame, na usipitishe haraka, maana jibu lako liko kwenye hilo neno na wala si la Kichina. Kiswahili chetu kina hiki kinyambuo cha -ka ambacho wanafunzi wangu walikuwa wanakichukulia poa, kata inakuwa katika, fungua inakuwa funguka, tenda inakuwa tendeka, na kinachotokea ni kwamba mtendaji anatoka kwenye sentensi kabisa, hatumtaji na wala hatumtafuti, kimebaki kitu chenyewe na hali yake. Mzungu anahangaika maneno sita kuieleza hiyo sura ya 48, sisi tunasema hatendi na hakuna lisilotendeka, imekaa. Na lile neno lao lingine ziran, la kitu kuwa hivyo chenyewe, nalo liko upande huohuo wa -ka. Hii ni hazina, iandike kwenye tasnifu bila kuona haya, usiifiche kwenye tanbihi.

Kwahiyo ushauri wangu, kwa upande wa mtu, yaani yule anayeshika kisu, andika "kutolazimisha". Kwa upande wa kitu, tumia -ka. Usitafute neno moja libebe vyote viwili, litavunjika.

Halafu kuna kipande cha kisa watu wanakiruka, na mimi naona ndio uti wake. Mpishi anasema hata hivyo, nikifika mahali palipoungana vibaya naona ugumu, najihadhari, natuliza macho, napunguza mwendo, nakisogeza kisu kidogo sana, mara nyama inaanguka kama bonge la udongo. Umeona? Wu wei ndani yake mna uangalifu, mna hofu hata. Baba yako akifika kwenye uti wa mgongo alikuwa ananyamaza kabisa, mteja akimsemesha hajibu. Na miaka 3 ya kuona ng'ombe mzima haiepukiki, lazima uipite, ndio maana wale wanaouza wu wei siku hizi kama dawa ya kupunguza stresi wananiudhi kwelikweli, wanamruka mwanafunzi wanakwenda moja kwa moja kwa fundi.

Ile picha uliyonitumia ya Dujiangyan, ile kazi ya kale ya kuugawa mto huko Sichuan, inasema hivyohivyo. Li Bing aliianza ile kazi kama mwaka 256 KK, na kilichonishika ni kwamba hakuziba mto Min kwa bwawa, aliugawa kwa lile tuta lenye ncha kama mdomo wa samaki, maji ya nje yaende na mafuriko yao, ya ndani yaende mashambani, na mpaka leo yanamwagilia. Li Bing alikuwa gavana wa dola ya Qin, usimwandike kama padri wa Kidao maana watakusahihisha. Lakini angalia wale waliobaki nyuma yake walikuwa na usemi, chimba mkondo uwe wa kina, tuta liwe chini, na walikuwa wanauchimba mchanga kila mwaka, watu na majembe, karne kwa karne. Maji yanakwenda yenyewe kwasababu kuna mtu anazoa mchanga.

Sasa kwenye kulinganisha na kwetu, hapa ndipo nina wasiwasi na rasimu yako. Umeandika Dao ni njia, na sisi tuna tarika ambayo kwa Kiarabu nayo ni njia, kwahiyo kumbe ni kitu kimoja. Taratibu mwanangu. Babu yako alikuwa mtu wa tarika ya Qadiriyya, nimekulia kwenye dhikri za alhamisi usiku, najua ile njia inakwenda kwa Nani. Ina mwenyewe, anaitwa, anaitika. Dao haimwiti mtu. Sura ya 34 inasema inavilisha vitu vyote na haijifanyi bwana wao, na sura ya 4 inasema kama vile ilikuwepo kabla hata ya Bwana wa mbinguni. Muislamu akisoma hapo lazima asimame. Toshihiko Izutsu, yule Mjapani, alimlinganisha Ibn Arabi, yule mwanafikra wa Kisufi, na Laozi na Zhuangzi kitabu kizima, lakini alianza kwa kuwasoma kila mmoja peke yake mpaka mwisho ndipo akawakutanisha, fanya kama yeye.

Na tawakali pia usiiweke pale. Tawakali ina wakili, unamfunga ngamia wako kisha unamwachia Mungu. Wu wei haimwachii mtu yeyote.

Kitu kingine usiufanye Udao kuwa kitabu cha Laozi peke yake. Wasomi wengi wa Ulaya zamani walikipenda kitabu wakawadharau makasisi, wakasema falsafa ni safi na dini ni ushirikina uliokuja baadaye, na huko uliko ndiko kwenyewe, Sichuan, alikoanzia Zhang Daoling, mwanzilishi wa dini hiyo, mwaka 142, watu wakatoa pishi tano za mchele, mgonjwa akakaa chumba cha kimya akiyakumbuka makosa yake, yakaandikwa yakapelekwa kwa mbingu na ardhi na maji. Kristofer Schipper, Mholanzi, ilibidi aende Tainan kule Taiwan, apewe ukasisi mwaka 1968, ndipo akaweza kuwaonyesha wenzake kwamba hii ni dini hai yenye watu wake. Nenda Qingyang Gong, lile hekalu la Kidao hapo Chengdu, siku isiyo ya utalii, ukae pembeni, uwaangalie wale bibi wanaomshika mbuzi wa shaba pale wanapoumwa wao. Hao nao wana Udao wao, waandike.

Na ukitaka mfano wa kulinganisha wenye nguvu, chukua fu, ile hirizi wanayoiandika kwenye karatasi, wanaichoma, majivu yanatiwa kwenye maji mgonjwa anakunywa. Bibi yako alikuwa anaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, yanaoshwa kwa maji anakunywa, umeyaona mwenyewe. Mikono inafanya jambo moja kabisa. Lakini fu imeandikwa kama barua ya ofisini, ina muhuri, ni amri kutoka kwa wakubwa wa mbinguni kwenda kwa pepo wa chini, na kombe ni maneno ya Mungu mwenyewe, hakuna anayeamrishwa, ni kuomba shifaa. Kinachofanana umekiona kwa macho, kinachotofautiana kimekuonyesha kila mmoja anaionaje mbingu, wale mbingu yao ina makarani. Hapo una kurasa kumi nzuri.

Usiogope pia kwamba we Muislamu unafanya nini humo. Liu Zhi wa Nanjing alikuwa Muislamu na mwanachuoni, mwaka 1704 akatoa kitabu kinaeleza tauhidi kwa Kichina cha wasomi, kwa maneno yaliyokuwa ya watu wa Confucius na wa Dao, na imani yake haikupungua. Alijua neno la watu linabeba nini ndipo akalitumia.

Kile kisu cha baba yako kipo, nimekifunga kwenye kitambaa kabatini, kimekuwa chembamba kama kidole maana alikuwa anakinoa kila alfajiri, hapo alizidiwa na mpishi Ding. Nitampa kaka yako akipige picha karibu na rula ionekane ilipoisha, uiweke kwenye sura ya tatu kama msimamizi atakubali. Na ile rasimu ukishabadilisha "kutotenda" nitumie yote, si hiyo sura peke yake, nitaisoma kwenye karatasi, wataniprintia pale stationery.

Mama yako
Tanga