Roli ya karatasi inateleza breki ikishikwa: ninunue chaki (vishikio vya ncha za bomba) au nibaki na shafti?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Tunatengeneza mifuko ya karatasi ya kraft. Roli zetu zina upana wa mita 1 na kipenyo cha mita 1, bomba la ndani ni milimita 76. Tunazifungulia kwenye shafti ya chuma yenye koni mbili za kukaza kwa spana, mwendo mita 120 kwa dakika. Breki ikishikwa ghafla, roli inateleza na bomba linachanika. Bosi anataka tuachane na shafti, tununue chaki za pembeni, yaani vishikio vifupi vinavyoingia kila ncha ya bomba. Yuko sahihi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa upande wa kufungulia, yuko sahihi. Ila kabla hajatoa hela, pigeni hesabu.

Roli ya vipimo hivyo ina takriban kilo 550. Tuseme karatasi inavutwa kwa nyutoni 300: breki inabeba 300 × 0.5 (mita 0.5 ni nusu ya kipenyo cha roli), yaani nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 150. Ukitaka kusimama ndani ya sekunde 2, uzito wa roli yenyewe unaongeza karibu 140. Jumla 290, na zote zinapitia ukuta wa bomba ulio milimita 38 tu kutoka katikati. Hapo ni nyutoni 7,600 hivi, kama mzigo wa kilo 770 unaokwangua karatasi! Koni inagusa mdomo wa bomba tu, kwa hiyo lazima iteleze, na ukizidi kukaza spana unapasua mdomo wenyewe.

Chaki inayopanuka huingia ndani zaidi na kushika eneo kubwa. Iko ya upepo, inayopanuliwa na hewa ya kompresa, na iko inayojikaza yenyewe kadiri roli inavyovutwa. Hii ya pili naipendelea pale ambapo kompresa haiaminiki, lakini muulize muuzaji kama inashika pande zote mbili. Nyingine hukaza upande mmoja tu, na siku mkigeuza roli ifunguke kutokea chini, itazunguka bure. Kama msambazaji wa karatasi anaweza kuwaletea bomba la milimita 152, chukueni: nguvu ileile inagawanyika nusu pale bomba linaposhikwa.

Sasa kagua mabomba yenu. Bila shafti, bomba ndilo linalobeba roli yote. Likiwa jembamba, au limekula unyevu, au foklifti imelibonyeza mdomo (nalo hilo ni jambo la kila siku), chaki haitakusaidia. Hapo afadhali shafti ya upepo, ambayo hushika urefu wote wa bomba kwa shinikizo la hewa la baa 6 hivi.

Najua mnaichukia shafti kwa uzito. Chuma kizima cha milimita 70, urefu mita 1.5, ni kilo 45. Ya alumini ni theluthi ya hapo, lakini kwa unene uleule hupinda mara tatu zaidi, kwa hiyo pata kwanza kipimo cha kupinda kwa mzigo wa kilo 550.

Upande wa kukunjia, pale karatasi inaposokotwa tena kuwa roli, kama mnakata karatasi vipande kadhaa, msiondoe shafti. Chaki haziwezi kushika mabomba matano yaliyopangwa mstari mmoja. Na vipande vikitofautiana unene, kimoja kikakaza kingine kikilegea, tafuteni shafti ambayo kila bomba huruhusiwa kuteleza kwa kiasi chake. Ni ghali, na kwa kraft ya kawaida mara nyingi haihitajiki.