Kuku 300 wa kichwani, kuku 50 wa bandani

Kwa miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu kwamba nitafuga kuku wa mayai, tena 300. Mshahara ukiingia naahirisha, hadi nikaanza kujiona mvivu. Leo naamini nilichokuwa nacho ni woga: nilikuwa naogopa kitu ambacho sikuwahi kukipima.

Kilichonifungua ni swali dogo nililoandika kwenye daftari: kuku mmoja anakula kiasi gani mpaka atage yai la kwanza? Nililipeleka kwa afisa mifugo wa kata yetu. Akaniambia kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, na kufikia hapo anakuwa amekula kama kilo 7 au 8 za chakula. Usiku nikakaa na kikokotoo. Kuku 300 kwa kilo 7.5 ni kilo 2,250, yaani mifuko 45 ya kilo 50, kabla sijaokota hata yai moja. Moyo ulinishuka, sitaficha. Lakini nilipoweka kuku 50, ikaja mifuko saba na nusu kwa takriban miezi mitano. Mfuko mmoja na nusu kwa mwezi! Huo, mshahara wangu unaubeba. Na kwa kuku watano kila mita ya mraba, stoo ya nyuma ilinitosha.

Usiishie kwenye hesabu wala video za simuni. Mtafute anayeifanya kazi hiyo, na usianze kumuuliza anapata faida gani. Muulize alipoteza nini. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja mfugaji Kibaha, akaniambia, "Mwanangu, kundi langu la kwanza liliondoka na kideri. Chanjo ya kwanza niliwapa, ya marudio nikapitiwa." Kideri na gumboro ni magonjwa ya virusi yanayoua kuku. Jioni ile ile nikaandika ratiba ya chanjo niliyopewa na afisa mifugo: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. (Ya kwenu muulize wa kwenu, maana hutofautiana.) Kisha nikaomba kwa yule mama asubuhi mbili za kumsaidia kuosha vyombo vya maji na kugeuza maranda ya mbao yanayotandazwa sakafuni mwa banda. Nilitaka kujua kama ile harufu nitaiweza kabla ya kwenda kazini. Niliiweza.

Vifaranga wangu 50 nilipowaleta, sikuwa na hofu ile ya zamani, kwa sababu karibu kila siku iliyokuwa mbele yao ilishaandikwa. Wiki ya 20 nikakuta yai kwenye maranda, dogo, lina mchirizi wa damu kwenye ganda kama nilivyoambiwa nitegemee. Nikaliweka kiganjani, nikamwita mama watoto aje aone.

Sasa nataka kuongeza wengine 50. Jumamosi hii nazunguka maduka ya mtaani na daftari, kuuliza kila duka linauza trei ngapi kwa wiki.