Jibu: Kiwanda cha korosho kimefungwa, mama na dada wabaki Newala au waende Dar?

Pole sana ndugu yangu, hili linaniuma maana huku kusini kiwanda cha kubangua kikifungwa wanaoumia kwanza ni kina mama, ndo wengi kwenye kubangua na kumenya, halafu mama ntilie wa getini nae anakosa wateja, bodaboda hivyo hivyo, duka linaanza kukopesha mpaka linakata mtaji. Na shida sio korosho kukosekana! Korosho ipo tele ila inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, ajira inaenda nayo, viwanda vilivyojengwa miaka ya 70 na 80 vingi viliishia kuwa maghala tu. Inakera kwa kweli.

Sasa swali lako, mi nasema wasikimbilie Dar kwanza, kodi ya nyumba itawamaliza. Ujuzi wa kubangua wanao tayari, wajiunge na wenzao waende halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii waulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), haina riba. Wabangue kidogo kidogo wauze korosho zilizobanguliwa stendi na mjini, ila glavu ni lazima, yale mafuta ya maganda yanaunguza vibaya. Na kama shamba lipo walime ufuta na mbaazi maana pesa ya korosho inakuja msimu tu, kuanzia Oktoba hivi.

Dada ana umri gani? Kuna vyuo vya ufundi vya VETA Mtwara na Lindi pia