Dada usilipe hizo euro 600 kesho, angalia kwanza UMBO la muhuri

Dada simamisha kila kitu. Umeandika umekuta sanduku la vijiko na uma 24 za Kifaransa kwenye soko la vitu vya kale huko Lyon, mwenye meza anasema ni fedha tupu, anataka euro 600 kesho asubuhi, na nyuma kuna herufi mbili unaomba tukutajie ni za fundi gani, halafu utazing'arishaje maana zimepiga weusi. Achana na herufi! Mimi herufi ndo zimenila hela. Kwenye muhuri wa Kifaransa, yaani ile alama ndogo iliyogongwa kwenye chuma, herufi ni kitu cha mwisho kusoma, cha kwanza ni umbo la kile kifremu kilichozizunguka.

Mwaka 2019 nilikuwa na miezi saba tu hapa Paris, jumapili moja nimeenda soko la vitu vya kale la Saint-Ouen nikakuta seti kama hiyohiyo yako, vipande 24, sanduku la mbao, ndani kitambaa cha bluu, unaona kabisa hiki kitu kimetoka nyumba ya watu wenye nazo. Nyuma ya mpini kuna E na P, pembeni namba 84. Nikatoa simu nikaandika herufi, likaja jina Puiforcat, Mungu wangu, nyumba ya mafundi wa fedha iliyoanza 1820, vitu vyao watu wanavigombania kwenye minada. Mwenye meza kaona macho yangu yamefunguka akaniongezea, hiyo 84 ni kipimo cha fedha, ni sawa na 875 kwa elfu. Nikatafuta palepale na kweli nikakuta 84 ni 875! Kumbe hicho ni kipimo cha Urusi ya zamani, wao fedha safi walikuwa wanaihesabu zolotiniki 96, sasa 84 ukigawa kwa 96 inakuja 0.875. Kijiko cha Paris kinatiwa kipimo cha Urusi kwa sababu gani? Sikujiuliza, nilishakuwa napiga hesabu ya faida kichwani. Nikatoa 1,150, na 700 humo ndani ilikuwa ada ya mdogo wangu Tanga, nikasema mpaka alhamisi nimeshauza nairudisha.

Jumatatu nikapeleka kwa sonara mmoja mzee. Kageuza kijiko kimoja, kaweka lensi jichoni, hata dakika haikuisha, kaniambia ni cha kupakwa fedha juu tu. Nikamuonyesha 84, akanieleza taratibu kama anamweleza mtoto, kwenye vijiko vya kupakwa hiyo namba ni gramu za fedha waliyopaka kwa vijiko 12 na uma 12, SETI NZIMA. Gawanya mwenyewe, gramu tatu na nusu kila kipande, ndani kote ni metali nyingine kabisa. Na uzito haukusaidii kitu maana hivyo vya kupakwa navyo vizito vizuri tu mkononi, usiniambie nimevinyanyua nimevisikia. Nikaja kuviuza euro 90 baada ya kuzunguka navyo wiki nzima. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki tano, mama akawa ananipigia simu kila jioni anauliza mwanangu kuna nini huko, na mimi sina la kumjibu.

Yule mwenye meza nilimrudia, kanitazama usoni kaniambia yeye alisema 84, neno fedha tupu hakulitamka. Sawa, muuzaji ni muuzaji. Ila ninayemlaumu mpaka leo ni jamaa mmoja wa video, anajiita mtaalamu, nusu saa nzima anafundisha watu "soma herufi, tafuta jina, umemaliza". Umemaliza nini? Mafundi waliosajili mihuri Ufaransa ni maelfu kwa maelfu, herufi E na P ziko kwa watu kibao, na hakuna mahali popote kwenye ile video alipotaja umbo. Mtu unafundisha wenzako kitu kinachogusa ada na kodi za nyumba halafu unaruka jambo la kwanza kabisa! Nilimwandikia mara tatu, hakujibu, video bado ipo na watu wanaendelea kumshukuru.

Sasa sikiliza. Tangu sheria ya 1797 fundi wa fedha au dhahabu halisi Ufaransa anaweka herufi zake ndani ya uru, uru hiyohiyo ya karata, na humo ndani anaweka na kialama chake. Hicho kialama ndo kinamtofautisha na wenzake wenye herufi kama zake. Puiforcat wa kweli kati ya E na P ana kisu kidogo cha kukunja. Odiot ana taa ya mafuta. Biennais aliyekuwa anamtengenezea Napoleon vyombo ana tumbili, kwa sababu duka lake lilikuwa linaitwa la Tumbili wa Zambarau. Mimi kwenye seti yangu kisu sikukiona na wala sikujua kama kinatakiwa kuwepo.

Na cha kupakwa kinatakiwa muhuri wa MRABA. Hapa ndo pana mtego, na ukinicheka sawa cheka ila na wewe ungeingia: mraba wangu ulikuwa umepigwa upandeupande, umesimama kwa kona, kwa macho matupu ukauona uru kabisa. Kwa hiyo geuzageuza kijiko chini ya lensi uangalie pembe. Uru ina pembe mbili kali na mbili butu, imerefuka. Mraba hata ukiusimamisha kwa kichwa pembe zake nne zinabaki sawa.

Ukishaiona uru bado hujalipa, uru ni neno la fundi mwenyewe. Tafuta na muhuri wa serikali, tangu 1838 ni kichwa cha Minerva, mwanamke kavaa kofia ya vita, akiwa na namba 1 kwenye vitu vya zamani ni fedha 950 kwa elfu, akiwa na 2 ni 800. Kwenye kijiko anakaa nyuma ya mpini, halafu geuza upande wa pili palepale alipopigwa, utaona vimichoro vidogovidogo vya wadudu, vimetokana na fuawe, kile chuma ambacho kijiko kililazwa juu yake wakati wa kupigwa muhuri. Nyundo moja, alama pande mbili, muuzaji muongo hilo hana habari nalo. Seti ikiwa ya kati ya 1819 na 1838 utakuta kichwa cha mzee badala ya Minerva, na vitu vidogo sana vina alama ya kaa wa baharini au kichwa cha ngurue mwitu. Wa dhahabu tafuteni kichwa cha tai, hiyo ni karati 18.

Kesho nenda na lensi ya sonara ya kukuza mara 10, ni euro chache tu. Ukikuta pembe nne sawasawa na kinamba pembeni ondoka, hata akikushushia mpaka 300 ondoka. Na kama una picha yoyote ya mgongo wa kijiko iweke hapa usiku huu, ya karibu kabisa, mwanga utoke ubavuni ili mistari ya fremu ionekane, herufi hata zikitoka na ukungu si kitu. Mimi niko macho mpaka saa saba.