Maswali na majibu: Je, kiti cha kale kilichopakwa dhahabu hufutwa kwa maji?

SWALI: Mtaalamu, ninafanya kazi ya utunzaji katika jumba la kale la kikabaila lililoko mashambani Yorkshire, Uingereza. Ukumbi wake mkuu una viti sita vya mikono vya karne ya 18, vyenye nakshi na vilivyopakwa dhahabu. Vumbi limeganda ndani ya nakshi, na kwenye mikono ya viti wekundu umeanza kujitokeza. Je, nivifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, na palipochubuka nipapake rangi ya dhahabu ya dukani?

JIBU: Kwanza tafadhali kiweke kitambaa hicho kando. Jibu linategemea jinsi dhahabu ilivyobandikwa kwenye mbao, na hilo si rahisi kulithibitisha kwa macho matupu.

Mafundi wa Uingereza wa wakati huo walitumia njia mbili. Katika njia ya maji, mbao iliyokwisha kuchongwa ilipakwa tabaka kadhaa za jeso, yaani chaki iliyokorogwa katika gundi ya ngozi ya wanyama, ikasuguliwa mpaka ikawa laini, kisha ikapakwa udongo mwororo, mara nyingi mwekundu, uliochanganywa na gundi ya namna hiyo hiyo. Fundi aliulowanisha udongo huo, akalaza juu yake jani la dhahabu, yaani dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno kuliko unywele, na lilipokauka kiasi alilisugua kwa jiwe la akiki hadi likang'aa utadhani kiti kizima ni madini. Katika njia ya mafuta, jani lilibandikwa juu ya mafuta ya kitani yaliyoachwa hadi yakaribie kukauka huku yakinata bado. Dhahabu ya namna hii haisuguliwi kwa akiki, na mng'ao wake umefifia kidogo, lakini hustahimili unyevu vizuri zaidi.

Bila shaka umeshaona hatari iko wapi. Chini ya dhahabu ya maji kila kitu kinashikiliwa na gundi inayolainika kwa maji, kwa hiyo kitambaa chenye unyevu kidogo tu kinaweza kuondoka na dhahabu ya miaka 250 kwa mpigo mmoja. Wekundu unaouona kwenye mikono yaelekea ndio udongo wenyewe, uliofichuka kwa sababu mikono ya watu imepita hapo vizazi kadhaa. Usiusugue ukidhani ni uchafu.

Wengi hudhani kwamba kiti cha fahari sana lazima kiwe kimepakwa kwa njia ya maji. Sivyo. Mwaka 1765 Thomas Chippendale, fundi mashuhuri wa samani wa Uingereza, alimdai tajiri Sir Lawrence Dundas pauni 160 kwa viti 8 vikubwa vya mikono, vilivyobuniwa na msanifu majengo Robert Adam kwa ajili ya nyumba ya Dundas mjini London, na hati ya madai inasema wazi kuwa vilitiwa dhahabu kwa mafuta. Pauni 20 kwa kiti kimoja zilikuwa fedha nyingi, na bado njia ilikuwa ya mafuta. Kuna pia viti vyenye njia zote mbili, na vingine vilivyopakwa upya baadaye juu ya dhahabu ya zamani, hata mguu mmoja ukatofautiana na mwenzake. Ndiyo maana jaribio la maji la kutambua njia iliyotumika, linalofanywa kwa kipande kidogo cha pamba mahali pasipoonekana, chini ya lenzi, ningemwachia mhifadhi aliyesomea kazi hiyo.

Wewe unaweza kuondoa vumbi likiwa kavu. Mulika tochi kutoka ubavuni. Ukiona jeso imeinuka au imepasuka, usiguse hata kwa brashi. Palipo imara, tumia brashi ya manyoya laini sana, ukisukuma vumbi kuelekea mdomo wa mashine ya kulifyonza uliofunikwa kwa wavu. Kitambaa hakifai hata kikiwa kikavu, kwa kuwa nyuzi zake hunasa kwenye ncha za nakshi na kuzing'oa.

Kuhusu rangi ya dukani, hapana. Rangi za namna hiyo kwa kawaida huwa na unga wa shaba, ambao baada ya muda hugeuka kahawia au kijani, na kuiondoa bila kudhuru dhahabu halisi iliyo pembeni yake ni kazi inayochosha kuliko ukarabati wenyewe.

Pia angalia mitambo ya kupasha joto. Wakati wa baridi hewa ya ndani hukauka, mbao husinyaa, lakini jeso haisinyai pamoja nayo, ndipo inapobanduka. Unyevu wa hewa usiobadilikabadilika, wa takriban asilimia 50 hadi 60, utaviokoa viti hivyo kuliko dawa yoyote ya kusafishia. Ukilazimika kuvihamisha, muwe wawili, mkishika fremu ya chini ya kikalio, si mikono wala mgongo wa kiti. Kipande kikidondoka, kiweke ndani ya bahasha na uandike juu yake kimetoka kiti gani na sehemu gani.