Ziwa la kuogelea na kulala kwenye hema: nendeni Matema

Mkuu, umeuliza ziwa ambalo vijana sita wa Dar wataogelea, wapige kasia, wapande mlima na kulala kwenye hema. Mimi nasema Matema, Kyela, Ziwa Nyasa. Ni mbali, siku mbili hazitoshi. Pandeni basi la Mbeya pale Mbezi Luis, kisha Kyela, halafu Matema. Treni ya TAZARA nayo ipo kwa mwenye subira.

Milima ya Livingstone imeshuka hadi majini, kwa hiyo mtaogelea na kupanda mlima bila kuhama kambi. Kodini mtumbwi asubuhi maji yakiwa yametulia, mwende Ikombe kwa Wakisi, muone akina mama wakifinyanga vyungu. Nahodha awe mwenyeji. Mtumbwi wa kuchonga unayumba ukikaa vibaya, na upepo wa mwera ukianza ziwa hili linapiga mawimbi kama bahari.

Msiogelee kwenye midomo ya mito, mamba wapo. Ziwa lina kichocho pia, hivyo kapimeni wiki sita hivi baada ya kurudi. Aprili msiende, Kyela mvua yake si ya mchezo.